Kisanduku cha Mbele

"Bangili za kukataa hizi hapa! Bure! Asiyetaka kuingizwa kwenye utafiti aje achukue!"

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti kibovu kilichokuwa kikikoroma katikati ya soko la Minorista mjini Medellín, baina ya lundo la ndizi za kupika na meza ya muuza vichwa vya nguruwe. Mwenye sauti alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa jinzi, blauzi ya kijani na raba zilizokwisha kulowa maji ya samaki. Nywele alikuwa amezibana kwa kalamu. Alikuwa daktari, Nohemí Zuluaga jina lake, na asubuhi nzima hakuna aliyemjali isipokuwa bibi mmoja aliyedhani zile bangili za plastiki ni za kuzuia kijicho.

"Nipe moja," akasema mwanamume mmoja nyuma yake.

Nohemí aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa jua, suruali ya bluu yenye mistari ya kung'aa, mkono mmoja umekumbatia mfuko wa matunda ya malulo na mwingine umeshika andazi la jibini lililokwisha kuumwa.

"Unajua ni za nini?"

"Sijui. Ila unavyozinadi, mtu anaona vibaya kukupita."

"Si za kunadi, kaka. Sikiliza. Karibuni ambulensi za mji huu zitabeba visanduku. Vingine vina dawa ya kuamsha moyo uliosimama, vingine vina maji ya chumvi tu. Hakuna anayejua kipi ni kipi, si mhudumu, si mimi. Na mtu ambaye moyo umesimama hawezi kuulizwa kama anakubali. Kwa hiyo asiyetaka avae bangili hii mapema."

"Maji!" bibi akaruka. "Mtu anakufa, nyinyi mnampa maji?"

"Bibi yangu, dawa ile inatolewa kila mahali kwa mazoea. Moyo unaamka, sawa. Lakini anarudi yeye mwenyewe, au unarudi moyo peke yake? Hilo ndilo ninalotafuta."

Yule kijana aliacha kutafuna. Alimtazama Nohemí kama mtu aliyeulizwa swali lake mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono. "Nivishe basi."

"Una moyo mbovu?"

"Ulikuwa mzima nilipoingia sokoni."

Bibi alicheka mpaka akashika meza. Nohemí alimvisha huku amenuna, na masikio yake yakawa mekundu. Hapo honi ikalia nje, na mtu akapiga kelele: "Duván! Tumeitwa, wewe mlafi!" Kijana alimwachia bibi malulo yake yote, akakimbia, na mgongoni mwa shati lake Nohemí akasoma maneno ya huduma ya ambulensi ya mji, ile ile itakayobeba visanduku vyake.

"Wewe ni mhudumu!" akamwitia kwa kipaza sauti, soko zima likasikia. "Na umevaa bangili ya kukataa!"

"Umenivisha mwenyewe, Daktari!"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Sisi watu wa Medellín tukipenda hatunong'oni, na wiki ile ile muuza vichwa vya nguruwe alikuwa akiwauliza wateja wake kama daktari wa bangili ameshapigiwa simu.

Alikuwa ameshapigiwa. Lakini kwanza walikutana kituoni, siku aliyokwenda kuwafundisha wahudumu. Alipanga visanduku mbele yao kwenye rafu ya ambulensi, vyote vyeupe, vyote sawa.

"Unachukua cha mbele," alisema. "Huchagui. Hutikisi. Huvitazami kwenye mwanga. Mkianza kuchagua, yule mnayemwonea huruma atapewa hiki, yule mlevi atapewa kile, na mwisho hatutajua kitu. Dawa ile yenye jina imo mkobani, ni ya watoto na ya wenye bangili tu. Na ikitokea kisanduku kimerukwa, semeni upesi, kabla matokeo ya mgonjwa hayajajulikana."

"Hata kunusa hakuna?" akauliza Ovidio, dereva wa Duván, mtu mnene mwenye masharubu.

"Wewe hasa usinuse."

Wakacheka. Duván hakucheka. "Na akiwa mama yako, Daktari?"

"Cha mbele."

"Baba yako?"

"Nimesema cha mbele, kaka. Ndiyo maana ya utafiti."

Alisema kwa sauti ya mtu asiyetikisika, lakini mimi nakuambia Nohemí alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto. Alikuwa halali bila kuligusa jiko la gesi mara mbili kuhakikisha limezimwa. Tangu visanduku vilipoanza kutembea mjini, kila king'ora kilichopita chini ya dirisha lake kilimwamsha. Alijua kuna watu watakaopewa maji kwa sababu yake. Alijua pia kwamba bila wao mji utaendelea kudunga dawa kwa kubahatisha mpaka kiama. Alikuwa akibeba yote mawili, na mtu pekee aliyemwambia ni Duván, kwenye simu.

"Umekula?"

"Sijala. Duván, leo wawili wamekufa kule Manrique. Sijui walipata nini."

"Wala mimi sijui, na ndivyo ulivyotaka. Kula, kipenzi."

"Usiniite kipenzi nikiwa kazini."

"Basi toka kazini nikuite vizuri."

"Wee! Hujachoka kusema?"

"Kutwa nzima naongea na watu wasionijibu. Nihurumie."

Duván akicheka, Nohemí naye alijikuta akicheka. Alimpenda kwa hilo, na kwa mikono yake, mikubwa, yenye kucha zilizokatwa fupi kabisa, ambayo haikuwa na haraka hata ambulensi ilipokuwa ikiyumba.

Nohemí alimpeleka Duván kwa wazazi wake. Baba yake, Don Gildardo, alikuwa fundi mstaafu wa kiwanda cha nguo, mzee mkavu mwenye miguu ya chuma, aliyeishi kwa ajili ya baiskeli. Mkewe, Doña Fabiola, alipakua supu ya kuku na mihogo huku mzee akimpima Duván kwa macho.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekimbia na king'ora?"

"Ndiye mimi, mzee wangu."

"Na baiskeli?"

"Sijui kupanda, Don Gildardo."

"Maria Mtakatifu! Nohemí, umetuletea mtu wa magurudumu manne!"

Walicheka sana mezani siku ile. Mama akaona nafasi, akaanza la kwake: kwa nini mzee hataki kuvaa bangili ya kukataa, na daktari alishasema moyo wake ni mbovu. Don Gildardo akaweka kijiko chini.

"Sivai. Watoto wa wenzangu waingie kwenye kura, mimi nikae pembeni kwa sababu binti yangu ndiye mwenye kura? Na mimi ni mtu. Ukinifika wakati, nipeni cha mbele kama wengine."

Nohemí alimbusu kipara. Alijivunia baba yake, na usiku ule akaligusa jiko la gesi mara tatu.

Ilikuwa Jumapili, barabara kubwa ya El Poblado imefungwa magari kama ilivyo kawaida, watu wamejaa na baiskeli, mbwa na watoto wenye viatu vya magurudumu. Don Gildardo alikuwa mbele, ndani ya fulana ya njano iliyombana kama soksi, akimzomea binti yake: "Sukuma, Daktari! Hiyo ni baiskeli au kitanda?" Akageuza kichwa kucheka. Akaanguka karibu na mkokoteni wa muuza maembe mabichi, bila hata kutoa mkono kujikinga.

Nohemí alikuwa juu yake kabla gurudumu halijaacha kuzunguka. Shingo kimya. Pumzi hakuna. Akaanza kukandamiza kifua, akahisi ubavu ukiachia chini ya viganja vyake, akaendelea. "Piga simu! Wewe wa maembe, piga simu!" Watu wakafanya duara. Mtu akaanza kusali. Nohemí alikuwa akihesabu kwa sauti na kati ya hesabu akisema, "Baba, usinifanyie hivi, baba, usinifanyie."

King'ora kilikuja kinyume cha msongamano wa baiskeli. Mlango ukafunguka, akateremka Duván, na nyuma yake Ovidio na dripu. Duván alimwona mzee, akamwona Nohemí, uso ukamwisha damu. Lakini mikono haikusita. Akachana fulana ya njano, akabandika nyaya. Mashine ikakataa kushtua: moyo ulikuwa kimya kabisa. Ovidio akapata mshipa. Duván akageuka kwenye rafu, akachukua kisanduku cha mbele.

"Siyo hicho!"

Alisimama.

"Mkobani, Duván! Ile yenye jina!"

"Nohemí, mzee hana bangili."

"Najua!"

"Ulisema..."

"Najua nilichosema! Ni baba yangu! Nakuomba, mpenzi, ni baba yangu!"

Alimtazama mara moja tu. Kisha akarudisha kisanduku mahali pake, akafungua mkoba.

Walikandamiza, wakadunga, wakakandamiza. Na pale pale, kati ya maganda ya maembe, moyo wa Don Gildardo ukaamka. Watu wakapiga makofi. Nohemí alikaa chini barabarani, akalia kwa furaha, na kabla hajamaliza kulia akawa ameshaelewa alichofanya.

Mzee alilazwa kwa wagonjwa mahututi. Nje ya mlango, kwenye ukumbi unaonuka dawa ya sakafu, Duván alinunua kahawa kwa mama mwenye chupa, akampa Nohemí kikombe. Hakuna aliyekunywa.

"Lazima nikaseme kwa kamati ya utafiti," Duván akasema.

"Subiri kwanza. Aamke."

"Akiamka tutakuwa tumechelewa. Wewe ndiye uliyetufundisha, kabla matokeo hayajajulikana. La sivyo watasema siku zote tulikuwa tunachagua."

"Unajua watakachofanya? Mkuu wa utafiti mwenyewe ndiye aliyechagua! Watafunga kila kitu. Wale wote walioingia, Duván, wale waliokufa, watakuwa wamekufa bure."

"Na tukificha, kisha Ovidio akalewa akasema?"

"Nipe siku mbili tatu tu."

"Ni mikono yangu iliyofanya, Nohemí. Siwezi kulala nayo."

"Basi nenda." Hofu ikamtoka kinywani ikiwa matusi. "Nenda kanisaliti. Ila ukinisema, usinipigie tena. Nakuapia."

Duván aliweka kikombe juu ya kiti, akaondoka. Alitembea polepole, akitegemea kuitwa. Hakuitwa.

Asubuhi simu ililia. Alikuwa Profesa Echavarría, mwenyekiti wa kamati. "Mhudumu amekuja kutueleza habari za baba yako. Fika hapa, tafadhali." Nohemí aliizuia namba ya Duván isimpigie kabla hajavaa viatu. Kumbe anaweza, akawaza. Kumbe mtu anakukumbatia na kesho yake anakuuza. Alipanga maneno ya kujiuzulu ndani ya teksi.

Kamati ilikuwa na nyuso za huruma. Hilo lilimshtua.

"Pole kwa mzee," alisema Profesa. "Hatutakuweka sana. Kijana anasema alipoona ni baba yako aliingiwa na huruma, akaruka kisanduku kwa uamuzi wake. Wewe ulikuwa umepiga magoti, unalia, hukusema neno. Tumemsimamisha kazi. Kwa kuwa amesema mapema, utafiti unaweza kuendelea. Ndivyo ilivyokuwa?"

Nohemí alifungua kinywa. Aliona visanduku vyake vikiendelea kutembea mjini, jina lake likiwa salama juu ya kazi ya ujana wake wote. Alihitaji kusema neno moja tu.

"Ndivyo," akasema.

Ninampenda Nohemí, lakini pale nilitamani kumzaba kofi.

Alipotoka alimpigia Duván papo hapo. Hakupokea. Alipiga tena na tena, mpaka siku iliyofuata akapokea Ovidio.

"Simu ameiacha kwangu. Yuko kwa mama yake."

"Ovidio, yeye... alisema hivyo kweli?"

"Daktari, mimi nilikuwa nimeshika dripu. Masikio ninayo."

"Mbona hukusema kwenye kamati?"

"Aliniapisha. Wewe nani alikuapisha?"

Simu ikakatika. Toka hapo Nohemí hakula chakula kikapita. Kila mlango wa ofisi ulipofunguka alidhani wamejua. Kila mtu alipompongeza kwa uvumilivu alitaka kumkimbia. Alikaa kando ya kitanda cha baba yake akisugua miguu ile ya chuma, akimwahidi Mungu kwamba mzee akiamka atakwenda kusema, kisha akimwomba Mungu asimharakishe. Mtu huwa anaomba vitu viwili hivyo kwa pumzi moja, na havikubaliani.

Mzee aliamka Alhamisi mchana. Walitoa mpira kooni, akameza maji, akazungusha macho dirishani, kwa mkewe, kwa Nohemí. Alitabasamu kwa adabu, ile adabu yake ya kiwandani.

"Asante, binti," alimwambia Nohemí. "Mikono yako ina joto. Wewe ni nesi wa hapa?"

"Ni mimi, baba."

"Nani?"

"Nohemí."

"Jina zuri," akasema mzee, akamgeukia Doña Fabiola kumwuliza kama na yeye ni nesi.

Madaktari walisema asubiriwe, huenda akakumbuka, huenda asikumbuke. Nohemí hakuhitaji kuambiwa. Hakuna mtu mjini aliyelijua swali lile kumzidi. Na hangeweza hata kusema kisanduku kingemfanyia nini, maji au dawa, kwa sababu alikuwa amekataa kujua. Alitoka wodini na nguo zile zile, akapanda teksi, akaingia kwa Profesa bila kubisha hodi.

"Mimi ndiye niliyeagiza," akasema. "Nilipiga kelele. Yeye alitaka kuchukua cha mbele."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mgonjwa aliyerukwa tutamwandika kama alivyo, kwamba hakuingia kwenye kura," akasema. "Utafiti utasimama, nitautetea. Lakini wewe huwezi kuuongoza tena. Si kwa sababu uliagiza, Nohemí. Mtu yeyote angeagiza. Ni kwa sababu ulikaa hapa ukaniambia 'ndivyo'."

"Najua," akasema. Alitoka amepoteza kazi aliyoiota toka shuleni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile akasikia njaa.

Nyumba ya mama yake Duván iko juu kabisa mlimani, ukishuka kwenye kibehewa cha waya wa angani unapanda ngazi mpaka magoti yaombe radhi. Duván alikuwa juu ya paa, kaptula na fulana iliyotoboka, akianika mashuka. Alimwona, akaendelea kuanika.

"Umedanganya kwenye utafiti wangu," akasema Nohemí, akihema.

"Salamu kwanza, Daktari."

"Ulikwenda ukawaambia sikusema neno!"

"Nilikuokoa."

"Nani alikutuma? Ulipaswa kusema kweli yote, na mimi ndani!"

"Ngoja nielewe." Duván alishika kibanio mdomoni, akakitoa. "Uliniapia nisikuseme. Sikukusema. Sasa umepanda mlima mzima kunigombeza kwa kutokukusema?"

"Ndiyo!"

"Wewe mwanamke huna jema."

"Sina. Nimekwenda kusema mwenyewe. Wameninyang'anya uongozi, na wewe unarudi kazini Jumatatu na karipio lako." Sauti ikamkatika. "Nilisema 'ndivyo', Duván. Walipokusimamisha, walipouliza, nikasema 'ndivyo'. Siwezi kukuomba unisamehe hilo."

Shuka lilikuwa likipiga upepo kati yao, maji yakiwarukia. Duván alilisukuma kando.

"Nilikasirika," akasema. "Usidhani sikukasirika. Nilikaa hapa nikisema, atakuja leo. Hukuja. Nikasema, basi atakuja kesho. Nimeanika mashuka ya mtaa mzima."

Nohemí akacheka huku machozi yakimtoka, naye Duván akamvuta. Wakakaa hivyo mpaka mama mtu akapiga kelele kutoka chini kuuliza kama nguo zinakauka zenyewe.

"Na mzee?" Duván akauliza kwenye nywele zake. "Amerudi?"

"Moyo umerudi."

Hakumwuliza zaidi. Alimshika tu, na Nohemí akahisi mikono ile mikubwa ikimkaza kwa haraka, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

Utafiti uliendelea mikononi mwa daktari mwingine. Nohemí alirudi zamu za kawaida hospitalini, na kila jioni alipita kumlisha baba yake, ambaye alimpokea kila siku kwa heshima kama mgeni mpya.

Halafu ikaja Jumapili moja ambayo Duván alifika kwa Doña Fabiola amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, viatu vyeusi, nywele zimelazwa na maji. Nohemí alipofungua mlango alimtazama toka juu mpaka chini.

"Unakwenda kuzikwa?"

"Nakuja kuposa. Nipishe."

Mama aliziba mdomo kwa aproni. Mzee alikuwa mezani, amechanwa vizuri, Nohemí amerudi kumkatia arepa, mkate wa mahindi, vipande vidogo. Duván alisimama mbele yake, mikono nyuma, jasho likimshuka kwenye kola.

"Don Gildardo, mzee wangu. Nimekuja kwako kwa adabu. Nataka kumwoa Nohemí, nakuomba unikubalie."

Mzee alimsikiliza kwa makini. Akamtazama Nohemí na kisu chake. "Huyu hapa?"

"Huyu hapa."

"Ni msichana mwema," mzee akasema. "Ananilisha kila siku wala simlipi. Ungepata mke hasa. Lakini mimi si wa kuulizwa, kijana. Nitamwozaje mtoto wa watu? Kamwulize baba yake."

Mama aligeukia jiko. Nohemí aliweka kisu chini, akafuta vidole kwenye kitambaa kimoja kimoja.

"Nimeshamwuliza," akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema ndiyo."

"Basi heri," akasema Don Gildardo. Akaipapasa mikono ya Nohemí, ile yenye joto. "Mbona unalia, binti? Ana bahati baba yako." Akavuta sahani, akaendelea na arepa yake.